Siku Saba za Kuku Mgeni

Siku ya tatu ya matanga ya Bi Nuru, nyumbani kwao Kisauni, nilikuwa nimeketi katika chumba cha wanawake, mgongo ukutani, kikombe cha kahawa mkononi, nikingoja wanaume wamalize khitma upande wa pili. Sikwenda kulia. Nilikwenda kwa sababu kutokwenda kungeonekana, na mimi maishani mwangu nimeogopa macho ya watu kuliko nilivyomwogopa Mungu; nalisema hilo mapema ili msomaji ajue anasimuliwa na nani. Mlango wa uani ulikuwa wazi. Wapishi walikuwa wameshateleka masufuria, na mmoja wao akaja mpaka kizingitini amemning'iniza kuku kwa miguu, mzima, anapigapiga mbawa, akauliza huyo na kuku wenzake watachinjiwa wapi. Zainabu, binti wa marehemu, mwanamke wa makamo asiyepandisha sauti, aliinuka mbio kama aliyeona moto. "Kuku usimwingize hapa, ndugu yangu. Tumeleta mbuzi, pikeni mbuzi. Mamangu hakufuga kuku, hakula kuku, na kuku wa jirani akipita, yeye aligeuza uso." Wanawake wakacheka kicheko cha matangani, cha kuziba mdomo kwa mtandio. Jirani mmoja akauliza kama marehemu alikuwa akiwaogopa. "Ana kisa chake," Zainabu akasema. "Ni mambo ya kule Chula. Si ya kusemwa mbele za watu." Kahawa ilinimwagikia pajani na sikuhisi moto wake mpaka baadaye.

Katika chumba kile chote, aliyeyaona kwa macho mambo hayo ya kisiwa cha Chula nilikuwa mimi peke yangu. Kisa hicho nilikijua, na nilikijua upande ambao Bi Nuru hakupata kuujua. Kuna mwaka mmoja wa ujana wangu ambao neno langu moja lingemwondolea mwanamke huyu lawama ya kisiwa kizima, na sikumwambia. Nilikaa pale nikijiuliza Zainabu anajua nini, na kama anajua, mbona amenikaribisha kwa mikono miwili.

Sitaeleza mimi ni mtoto wa nani na baba yangu alikwenda wapi; hayo yana mahali pake. Yatosha kusema kwamba mwaka niliotimiza miaka kumi na sita mama alikuwa Ras Kamboni akimwuguza mamake, nami nikapelekwa kisiwani Chula, kusini mwa Kismayu, kukaa na shangazi yangu, Mwanamkuu. Nyumba yake ilikuwa ya mawe na makuti: ukumbi wenye kitanda kimoja cha kamba, chumba cha ndani kilichotengwa kwa pazia la leso mbili zilizoshonwa pamoja, na uani jiko lenye ukuta mfupi. Juu ya jiko zilipita boriti nne za mikoko, na juu ya boriti hizo walilala kuku. Walikuwa thelathini na kitu. Nilipika chini yao, nikajifunza kukaa upande ambao hawakunyea. Walilishwa machicha ya nazi na matumbo ya samaki, kwa hiyo mayai yao yalinuka samaki, na sisi tulidhani hivyo ndivyo yai linavyonuka. Nilipokula yai la Mombasa mara ya kwanza nilifikiri limeharibika. Asubuhi tulikula mkate wa mofa na chai ya tangawizi, mchana wali au sima na samaki, na yai lilikuwa la mgonjwa, la mgeni, au la mimi siku shangazi alipokuwa na furaha, ambazo hazikuwa nyingi. Kuku mwenyewe alichinjwa kwa mambo mawili tu, sikukuu na uzazi. Mwanamke akijifungua Chula alinyweshwa mchuzi wa kuku siku arubaini, na mimba ilipoonekana tu, mume alikuja kwa shangazi kuagiza kuku wa mkewe wawekwe.

Kisiwa hakikuwa na fisi wala nguchiro. Adui wa kuku alikuja kwa mashua tu, naye ni kideri, ugonjwa unaomaliza kuku. Ndiyo maana pale rasini, mchanga unakoishia, palikuwa na kibanda cha mawe kinachofika kiunoni, kimeezekwa makuti, na kuku yeyote aliyetoka bara alikaa humo siku saba kabla ya kuingia mjini. Aliyemleta ndiye aliyemlisha, na kila akitoka kumlisha sharti aoshe miguu na mikono baharini. Siku ya saba shangazi alikwenda na leso yake kichwani, akamtazama kuku macho, akamfunua mbawa, akakigeuza kinyesi chake kwa kijiti, ndipo akasema aingie au asiingie. Hakuna aliyempa cheo hicho. Alikuwa na umri wa miaka minane kuku wa Chula walipokwisha wote, na alimwona mamake mdogo akifa katika uzazi akiomba mchuzi ambao haukuwako. Kama mchuzi ungemponya, sijui. Yeye alijua. Siku moja nahodha alileta majogoo watatu wa harusi, akataka waingie siku ileile kwa kuwa wageni wameshafika. Shangazi alimzuia ufuoni mbele ya wanaume wote. "Harusi hungoja," akasema. "Kideri hakimngoji mchu," yaani mtu, kwa Kibajuni chetu. Harusi ikaliwa kwa samaki, na nahodha akawa anamwamkia shangazi kwa mbali.

Mwezi wa tatu wa kukaa kwangu, mashua ya Ras Kamboni iliniletea salamu. Nilidhani mama mwenyewe amekuja. Nilishuka ufuoni mbio, nikapewa kikapu, na ndani yake kuku jike wa kishingo, yule asiye na manyoya shingoni, mwekundu, mwenye jicho la kukudadisi. Baharia akasema mamangu ananiambia nimfuge, akianza kutaga yeye atakuwa amefika. Nililia kwa hasira, kisha nikampenda kuku yule kupita kiasi, kama mtu anavyompenda asiyekuwa na kosa. Nilimpeleka kibandani, nikampa mtama wangu mwenyewe, na nikaosha miguu kila mara, kwani nilimwogopa shangazi.

Siku ya tatu ilikuwa bamvua, maji ya bahari yanapojaa kupita kawaida. Nilimsikia mvuvi mmoja akipita nyuma ya nyumba akimwambia mwenziwe, "Mayi ya yeo yatapanda mpaka rasini." Shangazi alikuwa kwa watu, amekwenda kumsinga mwari. Ningeweza kumfuata nikamwuliza. Ningeweza kumwambia mvuvi aniinulie kuku juu ya mawe mawili mle kibandani. Leo nina mambo mengi ambayo ningeweza. Nilichofanya ni kwenda rasini baada ya alasiri, kumtia kuku kikapuni, kumfunika leso, na kumwingiza nyumbani kwa mlango wa uani. Nilimfunika tenga nyuma ya kuni, nikamwachia mtama. Shangazi alirudi amechoka, akala, akalala. Alfajiri, baada ya kuswali, nilimrudisha. Nilipofika rasini niliinama nikaushika mchanga ndani ya kibanda. Ulikuwa mkavu. Maji hayakufika, yalikoma hatua kumi chini, na pale yalipokoma palikuwa na mstari wa majani ya bahari. Nilirudi nyumbani nikawakuta kuku wa shangazi wameshashuka wamelizunguka lile tenga, wanadonoa mtama uliobaki. Niliwafukuza. Nilijiambia ni punje chache tu.

Siku mbili baadaye alikuja Bi Nuru. Wakati huo hakuna aliyemwita Bi. Alikuwa Nuru tu, msichana wa miaka kumi na tisa kutoka Kismayu, aliyeolewa na Shali, fundi wa mashua, na alikuwa hajatimiza mwaka kisiwani. Alizungumza kwa sauti kubwa, Kibajuni chake kikipita na Kisomali katikati, na mimi aliniita abaayo, yaani dada, bila kunijua. Nilimpenda na nilimwonea haya kwa jinsi alivyojiachia. Alikuja yeye mwenyewe kuagiza kuku wa uzazi, jambo lililopasa kufanywa na mumewe, na shangazi tayari alikuwa amekunja uso. Ilikuwa wakati wa kuwalisha. Shangazi alimwaga matumbo ya samaki, kuku wakaja kutoka kila pembe, na Nuru akasimama katikati yao akashika kiuno. "Kuku wengi hawa, mamangu," akasema. "Wamenona hata mwendo wao ni wa mabibi harusi."

Shangazi alingoja. Nami niliyekuwa nikiosha sufuria niliacha kuosha, nikangoja. Mtu akisifu mali ya mtu, au mtoto, au mnyama, husema mashaallah, jicho lisije likadhuru. Ni jambo linalotoka mdomoni kabla hujalifikiri. Neno halikuja. Nuru alikuwa ameshika tumbo, uso wake umebadilika, kisha akacheka peke yake, akanitazama mimi, si shangazi, akaninong'oneza, "Abaayo, amecheza. Ndio mara ya kwanza." Akaondoka akicheka, mkono tumboni. Shangazi alibaki ameshika bakuli. "Umemsikia?" akaniuliza. Nikasema nimemsikia. Akaingia ndani akatoa ubani, akafukiza uani kote.

Siku ya saba shangazi alimkagua Kishingo, akamkubali. Aliingia mjini kwa haki, nimempakata, najiona tajiri. Siku ya pili yake jogoo mkubwa wa shangazi hakuwika. Tulimkuta chini ya boriti, shingo imepinda nyuma kama nguo iliyokamuliwa, anahema kwa mdomo. Jioni walikuwa wanne. Walitoa kinyesi cha kijani kibichi, wakazunguka mahali pamoja, wakaanguka. Kufika siku ya tano, uani mwetu walibaki sita, na majirani walianza kuwaokota wao. Nilibeba kuku waliokufa kwa miguu, wawiliwawili, mpaka shimoni nyuma ya mji, na kila nikirudi nilimtazama Kishingo. Alikuwa anakula. Hakukohoa hata mara moja. Miaka mingi baadaye, Mombasa, kijana anayezunguka na chupa ya dawa akitia kuku tone moja jichoni aliniambia kwamba kuku aliyekwisha kupona kideri huweza kukibeba mwilini bila kuonyesha, akawaambukiza wenziwe. Alinieleza kwa furaha ya mtu anayejua kazi yake. Nilimwacha aende nikajifungia chooni. Lakini sitajificha nyuma ya kijana huyo. Hata kabla ya sayansi yake nilijua, tangu asubuhi ya yule jogoo.

Tatizo ni kwamba kisiwa kizima kilifahamu vizuri kideri kinaingiaje, na kwa kufahamu vizuri kikakosea. Mashua iliyoleta kuku ilikuwa moja. Kuku aliyekuja alikuwa mmoja, amekaa siku saba, amekaguliwa na Mwanamkuu, na ni mzima. Basi si mashua. Na kama si mashua, ni nini? Nililala mchana mmoja nyuma ya pazia la leso, au nilijifanya kulala, na ukumbini waliketi shangazi, mama mkwe wa Nuru, na mama mmoja jirani aliyependa sana habari mbaya. Nilisikia vijiko vikigonga vikombe. Jirani akasema, "Kwani kabla ya kuku kufa, n'nani aloingia hapa?" Shangazi hakujibu upesi, na hilo namshukuru. Kisha akajibu, kwa sababu hakuwa mwongo. "Aliingia Nuru. Akasifu, asitaje Mngu." Mama mkwe akavuta pumzi. "Hata mbuzi wangu," akasema, "tangu aje huyu, maziwa yamekauka. Nami nikinyamaza, nikisema ni mke wa mwanangu." Jirani akasema mchu wa jicho hajui kama ana jicho, si kosa lake, lakini moto nao si kosa lake na watu hawaulazi kitandani. Wakazungumza juu ya mashua ya Kismayu itakayoondoka Alhamisi ya wiki ya pili. Arudi kwao akajifungulie huko, walisema. Talaka itafuata pole pole. Nami nilikuwa mita mbili kutoka kwao, nimelala kifudifudi, nimeuma ncha ya mto.

Siku zilizofuata ndizo nizikumbukazo zaidi. Kisimani niliwaona wanawake wakifunika nyuso za wana wao kwa leso Nuru alipokuja na ndoo. Yeye hakuelewa mwanzoni. Alidhani ni jua. Siku ya tatu alielewa. Aliteka maji ameinamisha kichwa, na ile sauti yake kubwa ikawa haipo tena. Alinipita akanisalimu kwa kuitazama miguu yangu. Neno abaayo hakulitamka tena. Kila asubuhi niliamka nikisema leo nitakwenda kwake nimwambie, na kila asubuhi nilihesabu kwamba mashua bado haijaondoka. Niliogopa shangazi kunirudisha Ras Kamboni kwa aibu, niliogopa watu kunionyesha kidole kisimani kama yeye, na niliogopa, nicheke sasa, kwamba watamchinja Kishingo.

Jumanne ya wiki ya mashua, kuku wa shangazi walikwisha, wa majirani wameshatangulia. Tulikuwa shimoni, mimi na yeye, nimeshika jembe, yeye ameshika watetea wawili wa mwisho. Alikuwa amezeeka ghafla. Akasema, kama anazungumza na wale watetea, "Keshokutwa ataondoka, na Mngu atuondolee." Neno likanitoka. Nilimweleza yote: bamvua, kikapu, tenga, mtama, mchanga mkavu. Nilisema bila kuvuta pumzi. Nilingoja kofi, na nafikiri nililitaka. Shangazi aliwaweka watetea ndani ya shimo kwa taratibu, akapangusa mikono.

"Umemwambia nani?"

"Sijamwambia mtu."

"Basi usimwambie."

"Na Nuru, shangazi?"

Alikaa kwenye ukingo wa shimo, jambo ambalo sikumwona akifanya kabla, kukaa chini mchangani. "Nisikiza," akasema. "Wewe ni mwana wa kakangu, na kuku amelala kwangu. Nikisema hayo, wachu watasema Mwanamkuu awakataza wenziwe, kwake apitisha. Siku nyingine mashua ikiya na kuku, n'nani atakayenisikiza? Hakuna. Kile kibanda kitakuwa cha kunyea mbwa. Na wake watajifungua kwa mayi ya moto." Nililia. Akaniacha nilie, kisha akasema, "Nuru niachia mimi."

Nimeyapima maneno yale miaka yote. Kuna siku naona shangazi alikuwa na haki, kwamba kibanda kilikuwa na thamani kuliko jina la mtu mmoja. Kuna siku naona alikuwa mwanamke mwenye kiburi aliyeogopa kuchekwa na nahodha. Nilipokuwa na umri wa miaka thelathini nilimchukia. Sasa nimeshapita umri aliokuwa nao siku ile, na nashindwa kumchukia vizuri, kwa sababu yeye angalau alifanya kitu.

Asubuhi yake alimwita mzee jirani akamchinja Kishingo. Nilishika miguu mimi. Alitaka nishike mimi. Alimpika mwenyewe, tui la kwanza, bizari, ndimu, moto mdogo, wala hakuniruhusu nikaribie jiko. Mnamo saa sita mchana, watu wamejaa vibarazani, alipakua katika sahani yake ya kaure yenye maua ya buluu, akaibeba bila kuifunika, akanichukua mimi nyuma na wali. Tulipita mji mzima, na tungeweza kupita njia ya mkato. Harufu ya kuku katika kisiwa kisicho na kuku. Watu waliacha walichokuwa wakisema. Tulifika kwa Shali. Nguo za Nuru zilikuwa zimeshafungwa bunda, liko mlangoni. Shangazi aliketi kizingitini, pale ambapo kila mtu aliona, akamwita atoke. "Mwanangu Nuru," akasema kwa sauti ya kusikika barazani, "kisiwa hiki hakina kuku mwingine ila huyu. Njoo tule."

Kwetu mtu mwenye jicho huli naye sahani moja. Hilo halihitaji kuelezwa kwa yeyote aliyekuwa akitazama. Shangazi alitia mkono wake, akamega paja, akalitia mdomoni mwa Nuru, kisha akala kutoka pale pale. Akanitazama nami. Nilikula. Nyama ilikuwa laini na tamu, na namwomba Mungu anisamehe kwamba niliona utamu wake. Nuru alikula akilia, machozi yakidondokea walini. Alipomaliza aliushika mkono wa shangazi, wenye mchuzi, akaubusu, akasema, "Niwia radhi, mamangu." Nilisikia wazi. Nikadhani ni adabu tu, neno la kusema mtu akilishwa na mkubwa wake. Shangazi akamjibu, "Yamekwisha." Tukarudi nyumbani na sahani tupu. Alhamisi mashua ya Kismayu ikaondoka bila Nuru, mama mkwe akamfungulia bunda mwenyewe, na baada ya miezi mitatu alijifungua mtoto wa kike, huyu Zainabu. Mchuzi ulikuwa wa samaki. Hakufa.

Mwaka uliofuata kuku waliingia tena, mmoja mmoja, siku saba kila mmoja. Mimi sikutumwa tena rasini. Shangazi hakulitaja jambo lile mpaka akazikwa, na mimi nilijifunza kwake kwamba jambo linaweza kutengenezwa bila kusemwa, somo ambalo nililitumia katika ndoa yangu na katika malezi ya wanangu, na nimeyaona matunda yake. Kisha nchi ikavunjika kwa vita na kila mtu akashika njia yake, kambi ya wakimbizi kwanza, Mombasa baadaye. Bi Nuru tulikuwa tukikutana harusini, yeye akiinamisha macho, akipita upande. Nilidhani anajua. Nilidhani ananidharau, na kwa kweli nilipumua, kwa kuwa anayekudharau hukuacha na amani yako.

Siku ile ya matanga sikuondoka na wengine. Nilibaki nikikusanya vikombe mpaka Zainabu akanikuta katika chumba cha mamake, nimesimama tu. Kilikuwa chumba cha kitanda kimoja, msala, kabati, na kuta tupu. Hapakuwa na picha ya mtoto wala mjukuu, katika nyumba ambayo ukumbini ina picha mpaka za majirani. Zainabu aliona ninavyotazama. "Alikuwa hataki picha zetu chumbani," akasema. "Akisema usiku atazikodolea macho." Akaketi kitandani, akalainisha shuka kwa kiganja. "Siku ya harusi yangu nilivishwa, nikapambwa, nikaletwa hapa nimwonyeshe. Alifumba macho. Akanipapasa uso kwa mikono, hivi, kama kipofu. Watu wakadhani analia."

Nilimwambia. Niliketi sakafuni, na kutoka huko chini nilimwambia binti wa Nuru kwamba mamake hakuwa na jicho, hakuwa nalo hata siku moja, ni kuku wangu, ni mimi, ni tenga nyuma ya kuni. Sikumwambia ni nini kilichomkatiza mamake asitaje Mungu siku ile. Hilo nitazikwa nalo. Zainabu hakulia wala hakukunja uso. Nilipomaliza aliuliza jambo moja.

"Na ile sahani aliyoileta shangazi yako. Alikuwa kuku gani?"

"Huyo huyo wangu."

Aliitikia kwa kichwa, taratibu, kama mtu anayepanga vitu kabatini. "Mama alituhadithia sahani hiyo kila Ramadhani," akasema. "Ndicho kisa chake. Akisema, niliwaua kuku wote wa Chula kwa jicho langu, na wachu wa Chula wakanichinjia wa mwisho, wakala nami, wakanisamehe. Ametuusia tusiache kuwaombea dua. Leo asubuhi kwenye khitma tumemtaja shangazi yako kwa jina."

Nilianza kuinuka. Akanipa mkono.

"Na wewe," akasema. "Alituambia ulikuwapo, ukala naye. Wewe pia tumekutaja."